Gololi zilizomwagika: albamu ya diski mbili inasikilizwaje?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina duka la vipuri vya pikipiki Igoma, Mwanza. Kaka yangu anayefanya kazi Uingereza alipokuja likizo aliniachia flashi yenye albamu ya bendi ya Marillion inayoitwa Marbles. Akaniambia ni diski mbili, nisikilize mpaka mwisho, nitamshukuru. Nikishafunga duka huwa naichomeka kwenye sabufa. Nimejaribu mara tatu. Inaanza taratibu na mambo ya redio redio, zinafuata nyimbo nne za kawaida, halafu vinakuja vipande vinne vifupi vyenye jina moja, vinafanana mpaka nikadhani flashi imekwama. Baada ya hapo zinaingia nyimbo mbili ndefu mno, nusu saa nzima, na hapo ndipo ninapolala. Sijawahi kuvuka. Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Tatizo ni mimi, ni muziki, au ni sabufa? Nafikiria kununua spika ya Bluetooth ya elfu sitini. Na hii wanayoita progresivu ni kitu gani hasa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Wewe huna tatizo, muziki hauna tatizo, na habari ya spika tutaifikia. Anayekuonea ni alfabeti.

Niliposoma kwamba vipande vinne vyenye jina moja vinafuatana, nilicheka mpaka mke wangu akachungulia kutoka jikoni. Havifuatani vile. Waliotengeneza albamu waliviweka mbalimbali kwa makusudi. Nikachukua kalamu, nikaandika nyimbo zote 15 kwa herufi: Angelina mbele, kisha Don't Hurt Yourself, Drilling Holes, Fantastic Place, Genie. Karibu nusu saa ya nyimbo za urefu wa kawaida. Halafu Marbles I, II, III na IV zimebanana kama abiria wa siti ya nyuma jioni. Baada ya M inakuja N: Neverland, dakika 12. Baada ya N inakuja O: Ocean Cloud, dakika 18. Hiyo ndiyo nusu saa yako ya usingizi. Kila ulichoeleza kimekaa pale pale. Kaka yako alipozitoa nyimbo kwenye CD, majina yalibaki bila namba, kompyuta ikazinakili kwa herufi, na sabufa ikapiga ilichopewa.

Chukua utenzi wowote, panga beti zake kwa herufi ya kwanza ya kila ubeti, kisha mpe mtu asome. Atakwambia mtunzi alikuwa amelewa.

Kwa mpangilio wako, Angelina ndiye anayekufungulia mlango. Ni wimbo mzuri, wa mwanamke mtangazaji wa redio ya usiku, lakini mahali pake ni namba 12, wakati msikilizaji ameshatembea zaidi ya saa moja na anahitaji mtu wa kumsemesha taratibu. Mlango wa kweli ni The Invisible Man, dakika 13 na nusu, mtu aliyefutika machoni pa wenzake: anawaona wote, yeye haonekani. Kwako wimbo huo umetupwa namba 13, ng'ambo ya Ocean Cloud ambayo hujawahi kuivuka. Kwa hiyo mara tatu umeingia nyumba hii kwa dirisha la jikoni.

Sasa hivyo vipande vinne. Marbles maana yake ni gololi, hizi hizi za kioo ambazo sote tulizichezea kwenye vumbi. Kiingereza kina msemo kwamba mtu aliyepoteza gololi zake amerukwa na akili. Basi mwimbaji anazikumbuka gololi zake za utotoni, anajiuliza zimekwenda wapi, na wewe msikilizaji unapaswa kusikia maswali mawili kwa wakati mmoja: la mtoto na la mtu mzima anayeogopa kwamba kichwa kinamwacha. Kila kipande kina dakika moja na nusu, mbili hivi. Kimoja peke yake hakina uzito wowote, na ukivipiga vinne mfululizo vinachosha, uko sahihi kabisa.

Angalia vilipowekwa. Cha kwanza kinakuja mara tu baada ya The Invisible Man. Cha pili kinakuja mara tu kabla ya Ocean Cloud. Cha tatu ndicho kinachofungua diski ya pili, yaani kinaipokea Ocean Cloud kwa upande wa pili. Cha nne kinatangulia Neverland, ambayo ndiyo mwisho. Albamu ina nyimbo tatu kubwa, na pembeni ya kila moja kuna gololi. Sisi tungesema ni kibwagizo, ila kibwagizo cha kawaida kinarudi kila baada ya ubeti. Hiki kinakuacha dakika ishirini, nusu saa, mpaka umekisahau, ndipo kinarudi. Kinaporudi unashtuka kama umekutana na mtu wa kijijini kwenu katikati ya soko la Kirumba. Mshtuko ule hauwezi kuupata kwenye wimbo mmoja, na kwa maoni yangu ndio sababu pekee ya maana ya mtu kutengeneza albamu ya diski mbili. Wanaotoa diski mbili kwa sababu wamejaza nyimbo nyingi tu, wangetoa moja, wakatupumzisha.

Umeuliza progresivu ni nini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, vijana wa Kiingereza kama Genesis, Yes na King Crimson walichoka na wimbo wa roki wa dakika tatu. Wakaurefusha, wakaingiza vinanda, wakabadili mwendo katikati, wakasimulia hadithi ndani yake. Mwaka 1974 Genesis walitoa The Lamb Lies Down on Broadway, santuri mbili. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika ishirini na kitu, kwa hiyo msikilizaji alikuwa na pande nne na alilazimika kuinuka kitini mara tatu. Halafu miaka ya 1976 na 1977 wakaja vijana wa panki, yaani roki fupi ya haraka na ya kelele, wakawacheka wote kwamba ni wazee wenye majivuno. Mitindo ile ikapoteza heshima.

Miaka michache baadaye wakajitokeza wengine walioupenda muziki ule wakiwa shuleni. Marillion walianza 1979 huko Aylesbury. IQ wakatokea Southampton, Pallas wakatokea Aberdeen kule Uskoti. Wengi walipitia kilabu moja ya London iliyoitwa Marquee (usiichanganye na Maquis, bendi yetu ya Dar, ingawa nikiwa kijana niliwahi kubishana usiku kucha na mtu aliyeamini ni bendi moja). Vinanda vilikuwa vipya, gitaa likawa linaimba zaidi kuliko kukimbia, na wasikilizaji wakaongezeka. Ndiyo wakaitwa neo-progresivu, yaani progresivu ya uzao wa pili. Mwaka 1985 Marillion walifika namba moja Uingereza kwa albamu ya Misplaced Childhood. Mwimbaji wao Fish akaondoka 1988, na Steve Hogarth, unayemsikia kwenye flashi yako, akaingia 1989.

Umaarufu ukapungua, na hapo wakafanya jambo ambalo Mtanzania halihitaji kufafanuliwa: wakachangisha. Mwaka 1997 mashabiki wa Marekani walichanga kama dola 60,000 ili bendi iweze kufanya ziara kwao. Kwa albamu yao ya 2001 bendi yenyewe ikaomba watu walipie kabla haijarekodiwa, wakajitokeza zaidi ya 12,000. Marbles ya 2004 ikafuata njia hiyo hiyo, na waliolipa mapema wakachapwa majina yao kwenye kitabu kilichokuja na CD. Kadi za michango ya harusi, kwa lugha nyingine, ila badala ya pilau unapewa gitaa la Steve Rothery. Ndio maana waliweza kutoa diski mbili bila kumwomba mtu ruhusa. Madukani kulipelekwa toleo la diski moja, nyimbo nne zimeondolewa, Ocean Cloud ikiwamo. Hilo mimi nimelihesabu kuwa kosa tangu siku ya kwanza, kama kuuza samaki kichwa na mkia. Flashi yako ina Ocean Cloud, kwa hiyo kaka yako alikupa toleo lenyewe.

Rudi sasa kwenye kazi ya mikono. Nenda steshenari yoyote yenye kompyuta. Nyimbo zihamishie humo kwanza, halafu flashi uifomati iwe tupu. Zipe namba mbele ya majina: 01 The Invisible Man, 02 Marbles I, 03 Genie, 04 Fantastic Place, 05 The Only Unforgivable Thing, 06 Marbles II, 07 Ocean Cloud, hapo diski ya kwanza imekwisha. Kisha 08 Marbles III, 09 The Damage, 10 Don't Hurt Yourself, 11 You're Gone, 12 Angelina, 13 Drilling Holes, 14 Marbles IV, 15 Neverland. Andika 01 na si 1, la sivyo 10 inaweza kukurukia mbele ya 2. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, zirudishe kwenye flashi moja moja, ya kwanza ikimaliza ndipo uingize ya pili. Sabufa nyingi za bei nafuu hazisomi majina kabisa. Zinapiga kwa jinsi faili zilivyoingia. Ukizivuta zote kwa mkupuo huna uhakika ipi imetangulia. Kwenye simu namba zinatosha, ila hakikisha ile alama ya mishale miwili inayopishana imezimwa.

Diski ya kwanza ina karibu dakika 54, ya pili 45. Usizipige zote usiku mmoja. Wiki nzima kaa na ya kwanza, mpaka ukiwa unafunga duka unajikuta unapiga mluzi wa kipande cha Marbles bila kujua umeutoa wapi. Ndipo uende ya pili. Ukianza ya pili kabla ya hapo, Marbles III itakapoingia haitakukumbusha kitu, itakuwa kipande kifupi tu cha mtu anayelalamika.

Kuhusu urefu, sidhani kama wewe ni mvivu wa kusikiliza. Umekulia na dansi, hata kama ni kwa redio ya baba. Wimbo wa dansi wa zamani unaanza pole pole, mwimbaji anasimulia ugomvi wake na mwenye nyumba ubeti baada ya ubeti, na hakuna anayelala kwa sababu kila mtu anajua chemko linakuja. Magitaa yatafunguka, watu watainuka. Kwenye roki ya progresivu chemko lipo, tatizo ni kwamba hujui liko wapi, na likifika pengine halichezeki. The Invisible Man inachemka kuelekea mwishoni. Neverland inafunguka kwa gitaa, halafu inakataa kufungwa, inaendelea kuondoka. Mara ya kwanza utasubiri chemko mahali pasipo na chemko. Mara ya tatu utakuwa umeshapajua, kama dereva anavyojua matuta ya barabara yake.

Ocean Cloud inahitaji maneno zaidi, hasa kwa mtu wa Mwanza. Wimbo huu umetolewa kwa heshima ya Don Allum, Mwingereza aliyevuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa mtumbwi wa makasia, kwenda na kurudi, akamaliza safari ya pili mwaka 1987. Alikuwa mtu wa kwanza kuivuka kwa makasia pande zote mbili. Hakuna injini wala tanga. Wimbo unakwenda kama bahari yenyewe: sehemu shwari, sehemu gitaa linainuka kama ukuta, halafu katikati kila kitu kinanyamaza, unabaki na milio ya mbali na sauti zinazopita kama redio iliyokosa masafa.

Sehemu hiyo iliwahi kuniponza. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye kituo kimoja cha redio, sitakitaja, na siku moja nikajipa ujasiri wa kuupiga wote bila kuukata. Tulipofika kwenye ukimya wa katikati simu ya mezani ikalia. Bosi, kutoka nyumbani kwake: "Mtambo umezima?" Nikamwambia haujazima, jamaa yuko katikati ya bahari. Akanyamaza kidogo. "Mtoe huko," akasema, "weka matangazo." Nikamtoa. Wasikilizaji wa usiku ule hawajafika nchi kavu mpaka leo.

Niliusikiliza vizuri kwa mara ya kwanza kwenye meli ya kwenda Nansio, hedifoni za waya masikioni, nimeegemea gunia la mtu. Pembeni alikuwa anapita mvuvi kwenye mtumbwi mdogo, mmoja tu, anapiga kasia upande wa kulia mara mbili, upande wa kushoto mara moja, kulia mbili, kushoto moja, kwa sababu upepo ulikuwa unamsukuma. Hakututazama. Mawimbi ya meli yalipomfikia aliinua kasia, akasubiri yapite chini yake, akaendelea. Niliacha kusikiliza maneno. Tangu hapo sehemu ile ya ukimya naijua kuwa ndiyo kasia limeinuliwa. Wewe huhitaji kupanda meli; nenda ufukweni saa tatu usiku siku za giza, wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha taa zao mpaka unadhani kuna mji mwingine ng'ambo, na uweke wimbo wa saba. Siku za mbalamwezi taa zile huzioni, wenyewe wanapumzika.

Habari ya Kiingereza isikusumbue sana. Mara ya kwanza mwache Hogarth awe ala mojawapo, kama zumari; uchungu wake unasikika bila kamusi. Baadaye tafuta mashairi, yasome mchana, muziki ukiwa umezimwa. Kusoma huku unasikiliza ni kubaya, jicho linatangulia sikio na gitaa linapita bila kuonwa na mtu.

Wala usijilazimishe kupenda kila kitu. Drilling Holes mimi naivumilia. The Damage ina kelele ninazoziruhusu zipite kama ninavyoruhusu bodaboda ipite. Don't Hurt Yourself ni wimbo mzuri wa redio, basi. Hakuna albamu ya diski mbili isiyo na mafuta yake, na wanaokwambia Subterranea ya IQ ya mwaka 1997 haina hata dakika moja ya kupoteza ni wenzangu katika ugonjwa huu, usiwasikilize. (Ila ukimaliza hii, hiyo ndiyo ya kutafuta: hadithi ya mtu aliyefungiwa mbali na ulimwengu tangu utotoni, kisha siku moja akaachiwa atoke.)

Sasa spika. Sabufa yako ina besi nyingi inayomeza kinanda. Punguza besi mpaka nusu, utasikia vitu ambavyo vilikuwapo siku zote. Elfu sitini ya Bluetooth usiitoe. Spika ndogo nyingi za aina hiyo huchanganya kushoto na kulia kuwa sauti moja, na muziki huu umepangwa kwa upana, gitaa huku, kinanda kule, mwangwi nyuma yake. Utakuwa umelipia kuufinya. Nunua hedifoni za waya zinazofunika sikio zima, ukizijaribu hapo hapo dukani na flashi au simu yako mwenyewe, si kwa wimbo wanaokuwekea wao. Sehemu za kimya ziko chini sana. Kwenye daladala au pikipiki hutazisikia, utaongeza sauti, halafu gitaa likirudi litakuumiza masikio. Subiri duka lifungwe na jenereta la jirani lizimwe.

Kwenye Neverland, sauti ya Hogarth inaanza kujibiwa na mwangwi wake mwenyewe, neno linarudi baada ya neno, na hutajua kwa hakika lini ameacha kuimba. Usiinuke hapo. Ikishanyamaza kabisa, tazama saa. Ikiwa ni saa sita usiku Igoma, kwa kaka yako itakuwa saa tatu, au saa nne kama kwao ni majira ya joto. Bado yuko macho. Mpigie.